Fahamu kwa nini programu ya kuendesha pampu za maji hukwama

Uwanda wa Makonde hauna mito ya kudumu juu yake. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi katika udongo wa kichanga. Kwa sababu hiyo, wakazi wengi wa Newala na maeneo jirani hutegemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, bondeni, hadi matangi yaliyo juu ya uwanda. Pampu zikisimama, mabomba hukauka na safari za ndoo huanza upya.

Katika mitambo ya kisasa ya kusukuma maji, kompyuta ndogo ya kituoni huuliza kila mara kina cha maji kwenye tangi, kisha huwasha au kuzima pampu. Mazungumzo hayo hufuata kanuni iitwayo itifaki. Mojawapo inayotumika sana duniani ni Modbus, iliyobuniwa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Ujumbe wake unaopita kwenye waya hauzidi baiti 256.

Kumbukumbu isiyorudishwa

Kila swali linapoulizwa, programu huweza kuomba sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ili kuhifadhi jibu. Kazi ikiisha, sehemu hiyo inapaswa kurudishwa. Programu ikisahau kurudisha baiti 256 kila sekunde, kwa siku moja hupotea baiti 22,118,400. Kompyuta yenye nafasi ya megabaiti 64 itaishiwa kumbukumbu kabla ya siku 4 kutimia, ingawa siku ya majaribio ilifanya kazi bila dosari.

Kazi ya makro

Wataalamu huunganisha programu zao na maktaba iliyokwisha kuandikwa. Katika lugha ya C, matamko ya maktaba huweza kuwa na makro, yaani neno fupi linalobadilishwa kuwa maelezo kamili kabla ya programu kutafsiriwa kwa lugha ya mashine. Kwenye Windows, makro hiyo hueleza kama amri inatolewa na maktaba au inaletwa kutoka nje. Ikikosewa, mara nyingi programu hukataa kuunganishwa, na kosa hugunduliwa mapema.

Hatari iliyojificha zaidi hutokea pale programu na maktaba zinapokuwa kila moja na daftari lake la kumbukumbu. Ni sawa na mkulima wa korosho aliyechukua magunia katika chama chake cha msingi, akayarudisha katika ghala la chama kingine: hesabu za pande zote mbili huvurugika. Programu nayo huweza kuzimika ghafla. Ndiyo maana maktaba ya libmodbus ina amri yake ya kurudisha kumbukumbu, modbus_free, ambayo mtaalamu hapaswi kuibadilisha kwa nyingine.

La kuzingatia

Mamlaka inayopokea mfumo wa aina hii inapaswa kuujaribu kwa siku nyingi mfululizo huku matumizi ya kumbukumbu yakipimwa, na kukabidhiwa programu yake asilia ili iweze kurekebishwa. Kuwasha upya kompyuta kila inapokwama hurejesha maji, lakini hakuondoi chanzo.

Mwananchi naye, anapotoa taarifa ya kukatika kwa maji, ataje siku na saa. Hitilafu ya kumbukumbu huelekea kujirudia baada ya muda unaokaribiana, na taarifa hizo humsaidia fundi kuitofautisha na kukatika kwa umeme au kupasuka kwa bomba.