Dada wa Mahesabu: Saa Zenu, Mshiko Wenu na Siri Zenu

Leo nakuletea kazi ambayo hujawahi kuiona kwenye kalenda wala kwenye video ya bongofleva. Karani wa mahudhurio na mishahara! Hakuna anayejua unafanya nini siku nzima mpaka tarehe ya mshahara ipite hata kwa siku moja. Hapo sasa utajulikana jina lako, nyumba uliyopanga na hata duka unalokopa vocha.

Mimi naifanyia Tunduma, kwenye yadi ya kampuni moja ya usafirishaji. Kama hujafika, Tunduma ndio mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Ukipiga hatua chache mbele uko Nakonde, Zambia, na kwacha inakusubiri. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita hapa, na kila lori lina dereva, utingo, fundi wa kulitazama na makuli wa kulipakia. Watu wote hao lazima mtu aandike wameingia saa ngapi, wametoka saa ngapi na wanadai shilingi ngapi. Mtu huyo ni mimi. Kwenye karatasi za ofisi naitwa karani, madereva wazee wananiita taimkipa, na makuli wameamua tu kwamba mimi ni "dada wa mahesabu". Nimelikubali!

Saa ngapi, na ya nchi gani?

Unaweza kudhani kutunza muda ni kazi ya kitoto. Saa si ipo ukutani? Njoo Tunduma uone. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tukiwa saa moja asubuhi, wenzetu wa Nakonde ni saa kumi na mbili. Sasa kuna vijana wamepanga vyumba karibu kabisa na mpaka, usiku simu inadaka mtandao wa ng'ambo, saa inarudi nyuma yenyewe. Kijana kaweka alamu vizuri, kaamka vizuri, kaoga, kafika getini anatabasamu, kumbe kachelewa saa nzima! Mwanzoni nilidhani ni visingizio vya walevi. Siku simu yangu mwenyewe iliponifanyia hivyo, nikiwa bado kitandani na jua limeshatoka, nikaomba ofisi inunulie geti saa kubwa ya ukutani. Tukakubaliana wote: saa ya getini ndiyo saa. Simu yako ikisema vingine, gombana na simu yako.

Halafu kuna mlinzi wetu, mzee wa heshima kutoka Mbozi, Mnyiha wa watu, ambaye anaandika kwa Kiswahili safi: "ameingia saa 1". Kompyuta inasoma saa saba usiku. Kwa sheria zetu, kazi ya usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Basi bwana, tusingekuwa makini, nusu ya yadi ingelipwa posho ya usiku kwa kuja kazini asubuhi! Wala sikumlazimisha mzee abadili uandishi wake. Mimi ndiye ninayegeuza saa zake kila jioni, na yeye ananitunzia mhindi wa kuchoma.

Debe la kahawa

Kabla ya hapo nilikuwa Mbozi, msimu wa kahawa, kwenye shamba la mtu. Kule hakuna saa, kuna debe. Mchumaji analipwa kwa debe alilojaza, na karani anasimama pale mwisho wa siku na daftari, macho kwenye debe. Limejaa au limefurika? Umesawazisha kwa mkono au kwa fimbo? Wanawake wenye watoto mgongoni wanakutazama usoni, maana mkono wako ukiwa mzito, wao wanapoteza unga wa kesho. Nilijifunza pale kwamba karani akichoka saa kumi na moja jioni, kuna mtu analala na njaa. Wakati ule ilikuwa bado tunasema tuko Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa.

Shemeji, mume wangu anapata ngapi?

Haya, tuje kwenye yale mnayoyapenda. Karani wa mishahara anajua siri za ndoa kuliko mshenga! Najua nani anakatwa mkopo wa benki, nani anakatwa cha mahakama kwa ajili ya mtoto ambaye nyumbani hawamjui, nani amebadilisha namba ya kupokelea mshahara wiki moja baada ya kufunga ndoa. Yote yako kwenye mafaili yangu na yanabaki humo.

Mama mmoja alikuja ofisini mwezi wa tatu, kajitanda kitenge chake kizuri, kashika cheti cha ndoa ndani ya bahasha ya kaki. "Dada, sikuja kugombana. Nataka tu kujua baba watoto analipwa shilingi ngapi. Ananiambia laki mbili na nusu tangu mwaka juzi." Nilikuwa naijua ile namba na haikuwa laki mbili na nusu. Nifanyeje? Moyo wa kike ulitaka kumgeuzia kioo cha kompyuta. Lakini mshahara ni taarifa ya mtu binafsi, na toka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, hili si suala la huruma ya karani tena. Nikamwambia, "Mama, mimi siwezi kukutajia. Ila kila mwezi mzee anapewa slipu. Hiyo ni haki yake kwa sheria, na hakuna sheria inayomkataza kukuonyesha." Akanitazama sana. Akaondoka bila kuaga.

Mwezi uliofuata yule mzee alikuja dirishani akiwa mkali kama pilipili. "Umemwambia nini mke wangu? Sasa anadai slipu kila tarehe 28!" Nikamjibu, "Baba, sikumtajia hata senti. Nimemwambia kwamba slipu ipo." Alisimama, akakuna kichwa, akacheka mwenyewe. Sijui nyumbani walimalizana vipi.

Kama na wewe mumeo au mkeo anakuletea slipu, jifunze kuisoma jamani, usikodolee tu mstari wa mwisho. Chukua mshahara wa 400,000. NSSF inakatwa asilimia 10, yaani 40,000, na mwajiri anatakiwa kuongeza nyingine 10 kutoka mfukoni mwake. Inabaki 360,000. Kodi haigusi 270,000 za mwanzo. Zile 90,000 zilizozidi zinakatwa asilimia 8, ambayo ni 7,200. Mkononi: 352,800. Mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiuona umekatwa kwa mfanyakazi, uliza. Na kama kijana wako alisoma chuo kwa mkopo wa bodi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda huko, hajakupiga kamba.

Ovataimu je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Mtu wa 400,000, ukigawa, saa yake moja ni kama 2,051. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, karibu 3,077, na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Kwa hiyo baba akisema kila siku yuko ovataimu mpaka saa sita za usiku, mwezi mzima, na slipu haina kitu, ama anadhulumiwa kazini ama hayuko kazini! Mimi simo.

Ugumu wangu mkubwa ni madereva. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa Oktoba 2019 na mambo yakawa afadhali, lakini foleni zina tabia ya kurudi. Dereva amekaa ndani ya kabini siku tatu, hawezi kuliacha lori, hawezi kulala vizuri, anasogea mita 50 saa nane usiku. Huyo anafanya kazi au amepumzika? Kwetu analipwa posho ya kusubiri, kiwango kimoja tu. Mimi naona haitoshi na nimewahi kuliandika hilo kwenye ripoti. Jibu sijalipata.

Majina mawili

Nilikuwa na mchumba. Tulikutana hapo hapo yadini, yeye msimamizi wa makuli, mcheshi, mtanashati, anajua kuvaa. Barua ya posa ilishafika kwetu, kamati ya harusi imeshakaa mara mbili.

Vibarua tunawalipa kwa siku, shilingi 10,000. Msimamizi analeta orodha, mimi nalinganisha na daftari la geti. Jioni moja orodha ikaja na majina 14, na geti lilikuwa limepitisha 12. Nikadhani mlinzi kasahau. Nikamuuliza mzee, akasema, "Mwanangu, mimi nimehesabu vichwa."

Nikampigia mchumba. Hakuona haya hata kidogo! Akashusha sauti, ile sauti yake ya usiku: "Mpenzi, si unajua harusi ina mambo? Ni hadi Desemba tu." Nikapiga hesabu bila hata kupenda, maana ndivyo kichwa changu kilivyo. Watu wawili, siku 26, ni 520,000 kwa mwezi. Ukumbi ungelipika. Na nani angejua? Kampuni haikuwa na mtu mwingine wa kulinganisha ila mimi.

Lakini mwaka 2016 nchi nzima tulisikia habari za wafanyakazi hewa serikalini, zaidi ya 10,000, majina yanayolipwa na hayana miili. Kila mmoja wao aliingia kwenye orodha kwa sababu karani mmoja mahali fulani aliweka tiki. Mara nyingi nilijiuliza huyo karani ni nani, ana sura gani. Sasa hapa nilikuwa na kalamu mkononi.

Nikayakata yale majina kwa wino mwekundu, nikamrudishia karatasi asubuhi. Fedha haikuwa imetoka, kwa hiyo hapakuwa na wizi wa kuripoti. Kwa bosi niliomba jambo moja tu: kuanzia wiki ile kila kibarua alipwe kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Akakubali, wala hakuuliza kwa nini.

Mchumba yeye alielewa kwa nini. "Wewe utaolewa na hilo daftari," akaniambia. Nilijaribu kuzungumza naye kwa wiki tatu. Akanitosa kupitia kwa shangazi yake, mahari ikarudishwa, na rafiki zangu wawili wakasema nilijifanya mlokole. Mama yangu alinyamaza siku mbili, kisha akauliza kitu kimoja: "Angekuomba hivyo ukiwa mkewe, ungesemaje?" Mpaka leo sijampa jibu, na nimelala na swali hilo usiku mwingi kuliko nilivyomlilia yule bwana. Baadaye alihamia Mbeya mjini. Siku alipoondoka nilimpigia hesabu za malipo yake ya mwisho, likizo ambayo hakuitumia na kila kitu, mpaka senti. Alisaini bila kusoma.

Malipo kwa simu yanaendelea. Wiki iliyopita kuli mmoja, kijana wa Kinyamwanga, alikuja dirishani na mkewe anayeuza chai nje ya geti. Wanataka nusu ya malipo iingie kwenye simu ya mama moja kwa moja, kila Jumamosi. Nikawaambia lazima aandike barua kwa hiari yake na kuisaini. Hakujua aandike vipi, basi mkewe akamsomea maneno, yeye akaandika taratibu, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Nimeibandika kwenye faili lake.