Mawese ndani ya tanki: gari la mazutu linaweza, lakini si kila mahali

Wajumbe wengi wa komite za amani za Fizi na Uvira wametuuliza kama ni kweli kwamba gari la mazutu linaweza kutembea na mafuta ya mawese. Ndiyo, linaweza. Lakini kuna mahali ambapo hiyo "ndiyo" inakwisha, na sisi tulifika pale kwa gharama kubwa. Ndiyo sababu tunaandika.

Mwezi wa sita 2016 mazutu yalikosekana Baraka kwa siku kadhaa. Ilikuwa majira ya ng'ombe kuteremka kutoka milima ya juu kuelekea Ngandja. Wajumbe wa wafugaji na wa wakulima walikuwa wamekubali kukutana katika kijiji kimoja cha mlimani, ili wapange pamoja njia ya ng'ombe isiyopita katika mashamba ya mihogo. Mkutano huo ulituchukua miezi mitatu kuutayarisha. Hatukutaka kuuahirisha. Shofere wetu akasema: mawese yapo tele sokoni, tuyafanye mepesi tuende. Tukachanganya nusu mawese, nusu mazutu yaliyobaki, na juu yake petroli kidogo, ile ya taa. Land Cruiser yetu ya zamani ikaondoka bila shida, moshi wake ukinuka kama jiko lenye sombe.

Usiku tulilala njiani, kwenye baridi. Asubuhi moteri ilikataa kuwaka. Filtri ilikuwa imejaa kitu kizito cha rangi ya machungwa, kama siagi. Tulichemsha maji, tukamwagia mipira na filtri, tukasukuma gari, mpaka saa sita. Tulipofika ilikuwa saa tisa ya mchana na upande mmoja ulikuwa umekwisha kwenda zake. Kijiji tulichokwama kilikuwa cha upande wa pili, basi maneno yakaenea kwamba tulikuwa tumelala kwao makusudi. Katika majuma yaliyofuata ng'ombe waliteremka bila mapatano, na mihogo ikakanyagwa.

Sasa tueleze kilichotokea. Moteri ya mazutu haina buji. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, kisha pompi inarusha mazutu ndani kwa nguvu kupitia tundu ndogo, yanatoka kama ukungu na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo moteri haichagui sana ni mafuta gani, bali inataka yawe mepesi vya kutosha kuwa ukungu. Hili si jambo jipya. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, moteri ndogo ya namna hiyo ilitembezwa na mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa inafikiria makoloni yake. Wabeljiji nao walifikiria mawese ya Kongo: mwaka 1937 mtaalamu Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya ugunduzi kwa kuyageuza mafuta ya mimea kwa alkoli, na mwaka 1938 basi lilibeba abiria kati ya Brussels na Leuven kwa mawese yaliyogeuzwa hivyo. (Mawese yetu yalisafiri mbali kabla ya barabara zetu kutengenezwa.)

Lakini kugeuza si kupunguza uzito kwa kuchanganya. Wale walibadilisha mafuta yenyewe kikemia. Sisi tuliyaongezea tu kitu chepesi. Mafuta ya mimea ni mazito mara kumi au zaidi kuliko mazutu. Yakiingia hivyo, hayatoki kama ukungu, yanatoka kama matone. Matone hayaishi kuungua. Yanaacha masizi magumu kwenye ncha za injekta na kwenye ringi za pistoni, na mengine yanateremka kwenye oili ya moteri mpaka inakuwa kama uji. Gari halifi siku hiyo. Linakufa baada ya miezi, na fundi anashangaa.

Mazutu au petroli vinapunguza ule uzito, ni kweli. Lakini vitu vitatu havipunguzwi. Cha kwanza ni baridi: mawese huanza kuganda hata kwenye joto ambalo sisi binadamu tunaona ni la kawaida. Kando ya ziwa, Baraka au Uvira, mchana hutaona shida. Ukipanda kwenda Minembwe, kwenye zaidi ya mita 2000, utaona. Cha pili ni maji, maana mawese ya vijijini hukamuliwa kwa kuchemsha. Cha tatu ni uchachu. Ngazi zikikaa siku nyingi kabla ya kukamuliwa, mafuta yanakuwa na asidi, na asidi hiyo inakula vyuma vya pompi. Mama wauzaji wanajua kuyatambua kwa harufu na kwa kuonja; waulize wao kabla ya kumwuliza fundi.

Kama huna njia nyingine kabisa, sisi leo tunafanya hivi. Tunanunua mafuta mapya, tunayaacha yatulie siku kadhaa, tunachukua ya juu tu na kuyachuja kwa kitambaa kizito. Tunapasha kidogo kwenye sufuria: yakilia kama kukaanga, yana maji bado. Tunachanganya yakiwa ya moto kiasi, mbali na jiko, sehemu 1 ya mawese kwa sehemu 4 za mazutu, wala hatuzidishi. Kisha tunaweka mchanganyiko kwenye chupa nyeupe nje usiku kucha. Ukiamka umeganda, gari halipandi mlima. Tunabeba filtri ya pili, na oili ya moteri tunaibadilisha mapema. Esanse usitie hata kidogo, mvuke wake unalipuka. Na magari mapya yenye pompi ya kompyuta usiyajaribu. Moteri za zamani ndizo zinavumilia, tena bora zaidi zile za kinu zinazozunguka polepole na kukaa mahali pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hawalisemi. Tanki moja la gari hubeba lita 80 au 90. Hata sehemu ya tano ya tanki hilo ni mawese ya kupikia nyumba moja kwa miezi mingi. Mashirika kadhaa yakianza kununua mawese ya magari katika soko ndogo siku mazutu yamekosekana, bei inapanda kwa mama ambaye hana gari. Tulilijadili hilo ofisini, na si wote tulikubaliana. Mapatano yetu ni kwamba hatununui zaidi ya bidoni moja ya lita 20 kwa safari, na si kwa safari ambayo inaweza kungoja.

Mwaka 2017 tulirudi kwenye kijiji kile. Bidoni mbili za mazutu tulizifunga nyuma tangu Baraka, na tulifika siku moja kabla. Mzee mmoja alizunguka gari, akanusa kwenye bomba la moshi, akatuambia: leo mumekuja bila sombe.