Usiote San Francisco tu: reli ya Makambako ina daraja lake

Wengi wakiulizwa daraja wanalotamani kuliona siku moja, hutaja Golden Gate la San Francisco au Tower Bridge la London. Kwa mkazi wa Makambako au Njombe, lipo ambalo halihitaji viza wala ndege: Daraja la Mto Mpanga, kwenye reli ya TAZARA kati ya Makambako na Mlimba.

Lina kimo gani?
Takriban mita 49 kutoka chini, sawa na jengo la ghorofa 15 hivi. Kama unaogopa urefu, jiandae.

Kwa nini juu hivyo?
Mlimba iko bondeni Kilombero, Makambako iko nyanda za juu. Treni haipandi mlima mkali kama lori, maana gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Lazima ipande polepole. Penye mlima ukatobolewa, penye korongo likajengwa daraja. Ndiyo maana mahandaki mengi ya reli hii ya km 1,860 yako kipande hiki.

Nani walijenga?
Zambia ilitaka kusafirisha shaba bila kutegemea Rhodesia. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia, China ikatoa mkopo usio na riba. Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi hiyo kuanzia 1970 hadi 1975. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha.

Utalionaje?
Barabara kuu haipiti hapo, ni treni tu. Ratiba ya abiria hubadilika, na kuna vipindi treni husimama kabisa. Uliza stesheni ya Makambako kwanza. Chagua safari itakayopita hapo mchana, kaa dirishani, na usitembee juu ya reli.

Treni ikikosekana, nenda Rungwe ukaone Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliolala juu ya Mto Kiwira. Huko gari linafika.

Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilisaini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Mzigo ndio unaozungumzwa zaidi, lakini abiria nao wana lao hapo: treni zao zisipokuwa za uhakika, Daraja la Mpanga litabaki kusimuliwa tu na wazee waliowahi kulipita.