Kuachiwa si kuachiwa huru

Karani anaita jina, kijana anapanda kizimbani, mwendesha mashtaka anasimama na kusema kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri hili. Hakimu anaandika, kisha anatamka kuwa mshtakiwa ameachiwa. Ndugu waliojazana kwenye mabenchi ya nyuma wanakumbatiana. Kabla hawajafika getini, askari waliovaa kiraia wanamshika tena kijana yule, wanampandisha kwenye gari, na haupiti muda mrefu anasomewa mashtaka yaleyale au yanayofanana nayo. Ndugu wanapaza sauti kwamba mahakama imedharauliwa. Haijadharauliwa. Hakimu hakusema kijana yuko huru. Alisema ameachiwa, na katika sheria za Tanzania hayo ni mambo mawili.

Kuachiwa huru ni mwisho wa safari. Mahakama imesikiliza ushahidi, imeona kosa halikuthibitishwa, na mtu huyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, labda upande wa mashtaka ukate rufaa na ushinde. Kuachiwa peke yake ni mlango uliorudishwa bila kufungwa kwa ufunguo. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi kwa kutumia mamlaka yake, sheria inasema kwamba hilo peke yake halizuii mtu huyo kushtakiwa upya. Hata mwendesha mashtaka wa kawaida anapoomba kuondoa shauri, matokeo yanategemea lini ameomba: akiomba kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa tu, akiomba baada ya hapo, mshtakiwa anaachiwa huru. Mimi naona utaratibu huu unawaumiza watu, hasa wale waliokaa mahabusu miaka kabla ya siku hiyo. Lakini familia inayojua tofauti hii haitapoteza mchana wake ikishangilia. Itamwuliza wakili palepale kesi imeondolewa kwa kifungu gani, na itajiandaa kwa litakalofuata.

Tofauti kama hii hujificha ndani ya maneno ya Kiswahili chetu wenyewe. Februari 1, 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu kanda ya Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Sasa mlango ukafunguliwa kwa mahakama za juu pia. Ilikuwa hatua kubwa, na bado inahitaji kusukumwa. Ila imetuachia kazi ambayo sheria peke yake haiwezi kuimaliza. Mtu akisikia neno la Kiingereza asilolielewa, anauliza. Akisikia "kutajwa", "dhamana", "msimamizi" au "kufutwa", haulizi, kwa sababu anaamini analijua. Hapo ndipo haki nyingi zinapopotelea.

Chukua hilo la kutajwa. Mama anatoka kijijini alfajiri, amechangishiwa nauli, amebeba mashahidi wawili. Anafika mahakamani, kesi inaitwa, inazungumzwa kwa dakika mbili, inapangiwa tarehe nyingine. Anarudi nyumbani akiamini kuna mtu amehongwa. Kumbe siku hiyo kesi ilikuja kutajwa, yaani kuangaliwa imefikia wapi na kupangiwa tarehe, na kwa walio mahabusu jambo hili hufanyika mara nyingi kila baada ya wiki mbili. Mashahidi huja siku ya kusikilizwa. Kwa hiyo kila unapopewa tarehe, mwulize karani swali moja: ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Sentensi iliyowachosha wengi kwenye siku hizo za kutajwa ni ile ya "upelelezi bado haujakamilika". Marekebisho ya mwaka 2022 yaliweka katazo la kupeleka mashtaka mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, ila makosa mazito yalibaki nje ya katazo hilo, na ni kwenye makosa hayo watu hukaa ndani muda mrefu zaidi.

Dhamana nayo imezungukwa na imani potofu kuliko neno lolote lingine. Wengi wanaiona kama bei ya kutokea. Dhamana ni ahadi: mshtakiwa anaahidi kufika mahakamani kila anapotakiwa, na mdhamini anajifunga kuhakikisha anafika. Kiasi kinachotajwa, tuseme shilingi milioni 5, hakilipwi kwa mtu yeyote siku ile. Kinaandikwa kwenye hati ya dhamana, mdhamini anasaini, na kinadaiwa tu iwapo mshtakiwa atatoroka. Wapo wanaotakiwa kuweka fedha taslimu au hati ya mali mahakamani, hasa pale kesi inapohusu mali ya thamani kubwa, lakini hizo ni amana zenye kumbukumbu na stakabadhi. Dhamana yenyewe haiuzwi, iwe kituo cha polisi au mahakamani. Anayekuomba pesa ili "akutolee ndugu yako" anakuomba rushwa.

Lakini mdhamini naye asichukulie saini yake kirahisi. Mtaani watu wanadhaminiana kwa huruma, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa mkononi, kisha wanaendelea na shughuli zao. Mshtakiwa asipotokea, mahakama inamwita mdhamini aeleze kwa nini asilipe kile kiasi. Akishindwa kueleza, analipa, na akikosa cha kulipa mali yake inaweza kukamatwa, au yeye mwenyewe akaishia gerezani kwa kosa la mtu mwingine. Kama umemdhamini mtu na unaona dalili za kukimbia, unayo haki ya kwenda mahakamani kuomba kujitoa kabla hajatoweka. Wachache mno wanaijua haki hiyo.

Kuna makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachoyanyima dhamana makosa hayo kinakwenda kinyume na Katiba. Miezi michache baadaye, Agosti mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Ndiyo maana aina ya shtaka lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Shtaka moja la utakatishaji likiongezwa kwenye kesi ya wizi, mlango wa dhamana unafungwa, na mtu ambaye Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea kama mkosaji anasubiri gerezani.

Kisha kuna maneno mawili ambayo mshtakiwa mwenyewe huyatamka, pengine akiwa na hofu, bila wakili, akitaka yaishe haraka: "Ni kweli." Anapojibu hivyo baada ya kusomewa shtaka, amekiri kosa. Hakutakuwa na shahidi, hakutakuwa na utetezi. Na kwa kawaida aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia adhabu tu, kama ni kubwa kupita kiasi au haikufuata sheria.

Kwa sababu hiyo mahakama zetu ziliweka uangalifu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan mwaka 1973, hakimu anatakiwa kuhakikisha shtaka linasomwa na kufafanuliwa katika lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya tukio yanasomwa na upande wa mashtaka, na mshtakiwa anaulizwa tena kama anayakubali. Akisema, "Ni kweli simu nilikutwa nayo, lakini niliuziwa na jamaa pale stendi," huko si kukiri wizi. Amekiri kukutwa na simu, akakana kuiba. Hakimu anapaswa kuandika kwamba mshtakiwa amekana, na kesi isikilizwe. Hukumu kadhaa zimetenguliwa kwenye rufaa kwa sababu "ni kweli" ya namna hii iligeuzwa kuwa kukiri. Kwa hiyo mwenye ndugu aliyekamatwa amwambie jambo hili kabla hajapandishwa kizimbani: usijibu shtaka usilolielewa, na kama kuna "lakini", iseme kwa sauti.

"Ana kesi ya kujibu" ni sentensi nyingine inayotikisa nyumba bila sababu. Haimaanishi ameonekana na hatia. Ina maana mashahidi wa upande wa mashtaka wamemaliza, na walichosema kinatosha kumtaka mshtakiwa naye aseme ya kwake. Anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo, kuleta mashahidi wake, au kukaa kimya.

Hayo yote ni ya jinai, yaani kesi ambazo Jamhuri inamshtaki mtu kwa kosa. Madai ni ugomvi wa haki kati ya watu: deni, mkataba, kiwanja, talaka. Jirani aliyekopa laki tatu na hajalipa hajawa mhalifu kwa kuchelewa kulipa, na kumpeleka kituoni ili awekwe ndani hadi alipe ni kumgeuza askari kuwa dalali wa madeni. Deni linadaiwa mahakamani. Kwenye jinai, kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka yenye msingi. Kwenye madai, anashinda yule ambaye ushahidi wake una uzito zaidi. Migogoro ya ardhi ina njia yake, na hapa mambo yamebadilika: tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 pande zinakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayekutishia kwa "hukumu ya kata" iliyotolewa baada ya hapo anakutishia kwa karatasi.

Ukifungua madai, kesi inaweza kuondolewa mahakamani au inaweza kutupiliwa mbali, na mtaani yote mawili huitwa "kufutwa". Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, ilieleza tofauti ambayo majaji wa Tanzania wanaitumia mpaka leo. Shauri lenye kasoro, lisilofaa hata kusikilizwa, huondolewa: mwenyewe akarekebishe kasoro na arudi, mradi muda wa kisheria haujaisha. Lililosikilizwa likakosa msingi hutupwa, na dawa yake ni rufaa. Wapo watu waliokaa nyumbani na huzuni yao kwa miaka wakiamini wameshindwa, kumbe walichoambiwa ni kwamba karatasi zao zilikosewa.

Neno lililobomoa familia nyingi zaidi, kwa maoni yangu, ni msimamizi wa mirathi. Baba amefariki, ukoo umekaa kikao, muhtasari umeandikwa, kaka mkubwa amependekezwa na Mahakama ya Mwanzo imemteua. Kuanzia siku hiyo kaka anasema "mali ni zangu, mahakama imenipa". Mahakama haijampa mali. Imempa kazi: kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake, kugawa kilichobaki kwa warithi, kisha kurudi mahakamani na hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo taarifa kamili ya mali na madeni ya marehemu inatakiwa ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imeongeza muda. Katika mahakama za juu, orodha ya mali hupelekwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Msimamizi anaweza asiwe mrithi kabisa. Na anayejinufaisha, anayeficha mali, au anayekaa bila kuleta hesabu anaweza kuondolewa kwa maombi ya mrithi yeyote.

Mjane hahitaji ruhusa ya ukoo kwenda kuuliza. Anaweza kwenda masijala ya mahakama ileile iliyomteua msimamizi, akatoa namba ya shauri la mirathi, na kuomba kuona kama hesabu zimewasilishwa. Mara nyingi jalada litakuwa na barua ya uteuzi tu. Ana haki pia ya kuweka pingamizi kabla ya uteuzi: tangazo la maombi hutolewa kwa siku maalumu, na kimya chake katika siku hizo ndicho kinachotafsiriwa kuwa ridhaa.

Anayeshinda madai hutazamia siku ya hukumu kama siku ya malipo. Mahakama haitakwenda kukukamatia mali kwa hiari yake. Inakubidi uombe kukazia hukumu, na hapo ndipo dalali wa mahakama anapopewa amri. Ukikaa kimya, hukumu nayo inakaa kimya.

Na anayeshindwa ana saa inayohesabu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, rufaa ni ndani ya siku 30. Kwenye jinai, kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo pia inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani. Lakini hata kabla ya kumpata, siku hukumu inaposomwa andika barua kuomba nakala yake, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ya barua hiyo ubaki nayo. Katika rufaa nyingi za kwenda Mahakama Kuu, siku ulizosubiri kupewa nakala ya hukumu hazihesabiwi dhidi yako, na barua yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha lini ulianza kusubiri.