Udongo Kwanza, Njia Baadaye

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa ardhi yenyewe: mwamba wa matumbawe ya kale, unaochimbwa, kusagwa na kuchomwa. Machimbo yalizidi kupanuka, na nyuma ya mashine ikabaki sakafu nyeupe ya jiwe, karibu kabisa na maji ya chini, ambayo hapo pwani yana chumvi. Udongo haukuwepo. Jua lilipowaka, mwamba uliurudisha mwako wake juu. Mvua iliponyesha, hapakuwa na kitu cha kuyashika maji. Mtu anayetembea leo kivulini katika Hifadhi ya Haller anapita juu ya sakafu hiyohiyo. Sura hii inaeleza jinsi jiwe lilivyozaa msitu, na kwa nini njia ya wageni ilifaa ije mwisho.

Mti unaoanzia pasipo kitu

Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni ya saruji, alianza kupanda miti ndani ya machimbo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mvinje, na damas, mti unaotoka upande wa Somalia. Mvinje ndio uliobeba kazi kubwa.

Siri yake imo mizizini. Mbali na kuvumilia chumvi na upepo wa bahari, mvinje huota vifundo kwenye mizizi, na ndani yake huishi bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Mti nao huwalisha sukari inayotengenezwa majanini. Kwa ushirika huo, mvinje huweza kukua mahali ambapo mimea mingi ingekufa kwa kukosa rutuba.

Hata hivyo, miti kusimama hakukutosha. Vijani vyembamba vya mvinje vilidondoka vikalala juu ya jiwe bila kuoza. Vina tanini nyingi, na vijidudu vya kuozesha havivipendi. Rutuba ilikuwepo, lakini ilifungiwa ndani ya takataka kavu.

Aliyeifungua ni jongoo. Haller aliona kwamba jongoo mmoja wa pwani, mwenye miguu myekundu, hula vijani hivyo. Mamia ya majongoo yakakusanywa na kuachiwa chini ya mivinje. Jongoo husaga jani kwa kulila, na kinyesi chake huwa laini kiasi cha bakteria na kuvu kukimalizia. Hapo ndipo mboji ilipoanza kujengeka juu ya mwamba, kidogo kidogo, pasipo lori hata moja la udongo kuhitajika kwa kila mti mpya.

Mboji ilipopatikana, mengine yakafuata. Miti mingine ya pwani ikapata pa kushika. Wadudu wakaja, ndege wakawafuata. Palipochimbwa hadi kugusa maji pakawa vidimbwi vyenye samaki. Baadaye ndipo walipoletwa pofu, twiga na viboko. Mpangilio huu hauwezi kupinduliwa. Twiga hupendeza kwenye picha, lakini asiyemjali jongoo hatapata mti wa kumlisha twiga. Ndiyo maana miche inayopandwa siku ya sherehe na kuachwa kesho yake hufa: imetangulizwa mbele ya udongo wake.

Mguu wa mgeni

Lango la hifadhi lilifunguliwa kwa umma mwaka 1984. Jina la Haller lilikuja mwaka 1999. Kati ya kuanza kupanda na kukaribisha wageni ilipita miaka 13. Wengi wangeiona ni muda uliopotea. Mimi naiona ndiyo akili yenyewe ya kazi hii.

Udongo unaoanza kujengeka hauna nguvu ya kubeba watu. Kila hatua huubana na kuzifunga nafasi ndogo ambazo hewa na maji hupitia. Mvua inayofuata haizami. Hutiririka juu, ikichukua mboji. Dimbwi likituama katikati ya njia, watembeaji hulikwepa kwa pembeni, na njia ya mtu mmoja huwa pana kama barabara. Kona ikiwa ndefu, watu huikata, na kijia kipya huzaliwa juu ya miche.

Kwa hiyo njia nzuri huanza kwa kuyafikiria maji: huinamishwa kidogo upande mmoja yapate kutoka. Hufuata umbo la ardhi badala ya kupanda mlima moja kwa moja. Humpitisha mgeni karibu na anachotaka kukiona, asipate sababu ya kuiacha. Kibao cha kukataza hakifanyi kazi kubwa kama benchi lililowekwa kivulini, mbele ya kidimbwi.

Kwenye mikoko, hata njia ya chini haifai, kwa sababu mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza matopeni, na mguu huvivunja. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilikatwa sana kwa nguzo na kuni, na upandaji upya ulianza mwaka 1991. Kikundi cha wanawake wa kijiji kinaendesha daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Mgeni huona mizizi bila kuigusa, hulipa kiingilio, na fedha hubaki kwa wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii ndiyo kipimo cha njia yoyote ya hifadhi, na kati ya wenyeji wahesabiwe pia mti na kaa.

Msitu wa Bamburi si ule uliokuwepo kabla ya machimbo, na hautakuwa. Ni makao mapya yaliyojengwa kwa kuifuata asili hatua kwa hatua. Pwani yetu ina machimbo mengine, fukwe zilizomomonyoka na mikoko iliyokatwa, na mipango ya kuvutia watalii haikosekani. Mpango kama huo ukiletwa mezani, swali la kwanza liwe hali ya udongo na mwendo wa maji. La pili liwe nani atapalilia na kutunza mwaka wa tano. Ramani ya njia ichorwe baada ya majibu hayo kupatikana.