Blanketi la Mikono Mingi

Mwezi wa Julai, wakati sisi wa Pwani tunapofurahia upepo mwanana, mji wa Johannesburg huwa katika baridi kali. Mji huo umejengwa kwenye nyanda za juu, kiasi cha meta 1,750 kutoka usawa wa bahari, na kuna nyakati umande huganda juu ya majani usiku. Mwenye nyumba ya matofali hajali sana. Lakini alalaye katika kibanda cha mabati, au barazani mwa duka, huona asubuhi i mbali mno.

Nelson Mandela alizaliwa katika majira hayo, tarehe 18 Julai 1918. Alipofungwa Robben Island mwaka 1964 alipewa mkeka wa katani wa kulalia, na mablanketi matatu yaliyochakaa. Si ajabu, basi, kwamba watu walichagua kumkumbuka kwa blanketi.

Mwezi wa Desemba 2013, Mandela alipofariki, Bibi Zelda la Grange, aliyekuwa katibu wake, alimtaka Bibi Carolyn Steyn afume mablanketi 67 kabla ya Julai iliyofuata. Ndiyo miaka ambayo mzee huyo alihesabiwa kuwatumikia watu wake. Bibi Steyn alikubali, akashika sindano. Hakukawia kutambua kuwa kazi ile imemzidi, wala hakuona haya kusema hivyo. Aliita wenzake, nao wakaita wenzao, hata wafungwa magerezani wakajifunza kufuma.

Yafaa tuieleze kazi yenyewe. Kufuma kwa namna hii hakuhitaji mtambo wala umeme. Uzi wa sufu na sindano moja yenye ncha ya kulabu vyatosha. Kila mtu hufuma kipande cha mraba nyumbani kwake, jioni baada ya kazi, kisha vipande hukusanywa na kuunganishwa. Lakini liko sharti moja. Mikono ya watu haifanani: huyu hukaza uzi, yule huulegeza. Kila mtu akifuata kipimo chake, kingo hazikutani na blanketi hukunjamana. Kwa hiyo kundi hupatana kwanza juu ya unene wa uzi, sindano itakayotumiwa na upana wa kipande. Aliyekosea hufumua akaanza upya, bila kinyongo.

Mwezi wa Aprili 2015 mablanketi yao yalitandazwa Pretoria, kwenye makao ya Serikali yaitwayo Union Buildings, yakiwa blanketi moja la meta za mraba 3,377. Wakati ule lilikuwa kubwa kupita yote yaliyopata kufumwa hivyo duniani. Mwaka 2016 wanawake wa India, katika mji wa Chennai, waliunganisha lao la meta za mraba 11,148.5, na sifa ikahamia kwao.

Watakuwapo watakaouliza: ni nani ajifunikaye blanketi la meta elfu tatu? Swali hilo ni la haki. Hakuna. Ukubwa ule uliwafurahisha watazamaji kwa siku moja. Faida yake ilianza pale lilipotenganishwa na kugawiwa wahitaji. Kundi lolote lifanyalo kazi kama hii na likumbuke kwamba picha ya magazeti haimpi mtu joto.

Wala hatusemi kwamba blanketi litafuta umaskini. Alalaye kibandani anastahili nyumba bora na kazi yenye ujira wa haki, na wenye mamlaka wasidhani kuwa deni hilo limelipwa kwa sufu. Lakini baridi ya usiku wa leo haingoji nyumba ya mwakani.

Sisi nasi tunazo Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Wako wazee wanaoishi peke yao, na watoto wachanga wanaofunikwa kanga moja. Mfanya kazi hana fedha nyingi za kutoa, lakini anayo saa moja ya jioni, na haba na haba hujaza kibaba. Mwenye uzi na alete uzi. Ajuaye kufuma na amfundishe asiyejua, mwanamume kwa mwanamke. Tukianza sasa, baridi ijayo itatukuta tayari.