Ukiacha chumvi na kitoweo, protini utaipata wapi?

Hapa kwetu Mkomani, mtu akipimwa na kuambiwa ana presha, hurudi nyumbani na orodha ya makatazo. Daktari amemwambia apunguze chumvi. Jirani anaongeza: achana na nyama. Shangazi anamalizia: papa na ng'onda usiguse tena, ni chumvi tupu. Wiki ikiisha, sahani imebaki na wali na mchuzi wa nazi, na asubuhi ni chai ya rangi na mkate. Miezi michache baadaye presha huenda imeshuka, lakini na mwili nao umeshuka. Nguo zinapwaya, ngazi zinamshinda.

Kupunguza chumvi ni ushauri wa haki kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mgonjwa atie nini mahali pa kile alichokiondoa. Nimeona wengi wakirudia nyama na samaki wa chumvi kwa kuamini kuwa chakula cha mimea hakina nguvu. Tupige hesabu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima mwenye afya ahitaji takriban gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 50. Mama mjamzito au anayenyonyesha ahitaji zaidi. Shirika hilo hilo linataka chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hata ile iliyomo ndani ya mkate.

Sasa twende Kongowea. Kwenye magunia ya nafaka utakuta pojo, kunde, mbaazi, maharagwe na dengu. Zikiwa kavu, nyingi katika hizi zina gramu 20 hadi 24 za protini kwa kila gramu 100. Robo kilo ya pojo, basi, ina protini karibu gramu 60. Na zote zikitoka guniani hazina sodiamu ya kutaja. Chumvi huingia jikoni kwetu.

Siku moja ya kula yaweza kuwa hivi. Asubuhi, kikombe cha mbaazi zilizopikwa na mahamri mawili: takriban gramu 17. Mchana, vikombe viwili vya wali, kikombe cha pojo na mchicha: gramu 26. Jioni, ugali, nusu kikombe cha kunde na kiganja cha karanga zisizotiwa chumvi: gramu 21. Jumla ni gramu 64, na hapana hata kipande cha samaki. Mbaazi na mahamri tumekula tangu utotoni bila kuviita chakula cha mgonjwa.

Kuna wanaosema protini ya mimea ni pungufu. Ukweli wake ni huu: protini hujengwa na vipande viitwavyo asidi amino. Mchele na mahindi vina upungufu wa kimoja, laisini, ambacho kunde na maharagwe vinacho kwa wingi. Kunde nazo zina uchache wa kingine, methionini, ambacho nafaka inacho. Ukila wali kwa maharagwe, kimoja kinamkamilisha mwenziwe. Wala si lazima vikutane sahani moja. Ukivila siku moja yatosha.

Tui la nazi lina utamu wake, lakini lisikudanganye. Protini yake ni kidogo mno na mafuta yake ni mengi, ya aina isiyomfaa sana mwenye presha. Pika kwa tui jepesi, na wingi wa sahani uwe mbaazi zenyewe.

Chumvi nayo ina milango ya nyuma. Wa kwanza ni vile vidonge na unga wa kukoleza mchuzi: sehemu kubwa ya vitu hivyo ni chumvi. Wa pili ni magadi, tunayotia ili maharagwe yaive haraka. Hayana ladha ya chumvi, lakini ni sodiamu. Hata ile soda nyeupe ya kuokea keki, kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,200 za sodiamu, zaidi ya nusu ya kiwango cha siku nzima, ambacho ni miligramu 2,000. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, uchemshe kwa maji mapya, hutahitaji magadi.

Mlango wa tatu ni wetu watu wa pwani: maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na ukichemshia kunde humo, chumvi inaingia bila wewe kushika kopo. Maji ya kisima yaoshe vyombo. Ya kupikia yawe matamu. Achari, bajia za barabarani na karanga za chumvi nazo zihesabu.

Ladha itatoka wapi? Ndimu, ukwaju na embe mbichi hufanya ulimi usiulize chumvi. Pojo za embe mbichi, thomu, tangawizi na dania mimi nazila siku nyingi za wiki, na wageni wangu hawajawahi kuomba kopo la chumvi. Ndimu hiyo hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mchicha.

Mambo matatu yanataka tahadhari. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na upungufu wake huja polepole, kwa uchovu na ganzi ya mikono na miguu. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa amuulize daktari kuhusu vidonge vyake. La pili, mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu yangu. Kiasi chake cha protini hupangwa na daktari. La tatu, chumvi mbadala zinazouzwa madukani mara nyingi zina potasiamu, ambayo yaweza kumdhuru mgonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha. Uliza kabla ya kununua.

Na dawa za presha usiziache kwa sababu umeanza kula pojo. Chakula na dawa vinafanya kazi pamoja.

Kama nyumbani kwako kuna aliyepewa makatazo wiki hii, usimwongezee la kwako. Loweka kunde leo usiku, kesho umpakulie.